Sufuria moja, wazee thelathini: mwongozo kamili wa kupanga chakula na kufuata miko katika nyumba za wazee

Ukitaka kujua hali ya chakula katika nyumba ya wazee, usiende jikoni saa ya kupika. Nenda saa ya kuosha vyombo, uangalie kilichorudi kwenye sahani. Nimesimamia jiko la namna hiyo hapa Unguja kwa miaka kadhaa, na karatasi ya menyu iliyobandikwa ukutani haijaniambia ukweli hata siku moja. Karatasi ilisema wali, samaki na mchicha. Sahani zilirudi na mchicha wote, nusu ya wali, na samaki aliyechokolewachokolewa kwa hofu ya miba.

Mwongozo huu ni wa yeyote anayeshughulika na jiko la wazee, awe mpishi, muuguzi, mlezi au msimamizi wa nyumba. Serikali ina nyumba za wazee Sebleni na Welezo kwa Unguja, na Limbani, Wete, kwa Pemba. Hata hivyo wazee wengi wa visiwani wanalelewa na watoto na wajukuu wao, kwa hiyo anayemlea bibi mmoja Chake Chake au Jang'ombe naye ana cha kuchukua humu. Hesabu zote nimezipigia nyumba ya wazee 30. Wewe punguza au ongeza.

Jambo moja nilitangulize, maana najua wapo watakaolipinga: katika nyumba ya wazee adui wa kwanza si sukari wala chumvi. Ni mzee kutokula. Nimeona wazee waliokatazwa wali, nazi, chumvi, nyama, embe na chai ya maziwa kwa pamoja, kila katazo likiwa na sababu yake, na mwisho mtu amebaki mifupa. Kwa hiyo tunataka miko michache, iliyoamuliwa na mwenye ujuzi, halafu ifuatwe kwelikweli mpaka kwenye upawa.

Hatua ya 1: Mjue mzee kabla hujashika kalamu

Kila mzee awe na kadi, na kadi hiyo ikae jikoni. Faili la ofisini halimsaidii mpishi wa saa 11 alfajiri. Andika uzito wa siku aliyoingia, hali ya meno, namna anavyomeza, maradhi yenye amri ya daktari, dawa zinazogongana na chakula, asichokula kwa dini au kwa sababu kinamdhuru, na anachokipenda. Hicho cha mwisho ndicho kinachosahauliwa.

Uzito unataka mzani ule ule, saa ile ile, asubuhi kabla ya kula, nguo nyepesi. Asiyeweza kusimama mpime mzingo wa mkono wa juu kwa utepe wa fundi cherehani, katikati ya bega na kiwiko, mkono ule ule kila mwezi. Namba hiyo peke yake haisemi mengi, lakini ikishuka miezi miwili mfululizo inasema.

Meno usiyaulize kwa mdomo tu. Mwambie mzee atafune kipande cha papai mbele yako. Wenye meno ya bandia ni wa kuangaliwa zaidi, kwa sababu mtu akikonda ufizi nao hupungua, meno yanalegea, anaanza kuacha nyama, anakonda tena.

Kumeza ni jambo la uhai. Anayekohoa kila akinywa maji, sauti yake ikawa ya majimaji baada ya kumeza, chakula kikabaki shavuni, au anapatwa na homa za kifua mara kwa mara, huyo chakula kinampotelea njia kikaingia kwenye mapafu. Waliopata kiharusi ndio wengi humo. Usimwambie "kula polepole babu" ukaondoka. Apelekwe akaangaliwe, na kadi yake ipate alama nyekundu siku hiyo hiyo.

Kuhusu anachokipenda, tulipokea bibi mmoja kutoka Makunduchi ambaye siku nne hakugusa mkate wa asubuhi. Wakaandika "hana hamu ya kula". Mlezi wa zamu ya usiku, kijana tu, akakaa kitandani kwake akamuuliza nyumbani alikuwa akifungua kinywa na nini. Muhogo wa kuchemsha na chai ya rangi. Kesho yake akala vipande vitatu.

Hatua ya 2: Miko iwe michache, na kila mwiko uwe na mwenyewe

Kwenye kadi, mbele ya kila katazo, andika nani aliliamuru, lini, na lini litaangaliwa tena. Miezi mitatu ni muda wa haki. Utashangaa ni makatazo mangapi hayana mwenyewe. "Asile chumvi kabisa" imeandikwa miaka miwili iliyopita mzee alipotoka kulazwa, aliyeandika keshahama, na mzee bado anakula mchuzi usiokuwa na ladha.

*Kisukari.* Mzee wa kisukari hana haja ya chakula cha peke yake. Anakula cha wenzake kwa kipimo. Wali, ugali, muhogo, mbatata, shelisheli, ndizi za kupika na mkate vyote ni wanga, basi apate kimoja kwa mlo, si viwili. Wali na mbatata za mchuzi ndani ya sahani moja ni wanga juu ya wanga. Chai itoke jikoni bila sukari kwa nyumba nzima, sukari ipitishwe mezani kwa kijiko. Hatari inayokuja haraka kuliko zote ni sukari kushuka. Anayechoma insulini au kumeza glibenklamidi lazima chakula kiwe tayari kabla ya dawa. Dawa isitolewe saa 12 wakati uji unatoka saa 2. Akianza kutetemeka, kutoka jasho, kuchanganyikiwa au kuwa mkali ghafla, na bado anaweza kumeza, mpe vijiko vitatu vya chai vya sukari ndani ya nusu gilasi ya maji, pima tena baada ya dakika 15, kisha ale kitu. Aliyepoteza fahamu asitiwe chochote mdomoni. Huyo ni wa hospitali mara moja.

*Presha na moyo.* Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isiyofika gramu 5 kwa mtu kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, ikihesabiwa na ile iliyojificha ndani ya mkate na ng'onda, yaani samaki mkavu wa chumvi. Namna ya kuifikia nitaieleza kwenye sufuria.

*Figo.* Huyu ndiye mwenye miko migumu, na hapa fuata daktari neno kwa neno, kwa sababu wengine huambiwa wapunguze hata nyama na samaki. Akizuiliwa madini ya potasiamu, mbatata, muhogo na majimbi vikatwe vidogo, vichemshwe kwa maji mengi, maji yamwagwe. Asipewe madafu. Najua madafu kwetu ni dawa ya kila kitu, lakini maji ya dafu yamejaa potasiamu, na figo lililochoka haliwezi kuyatoa. Chumvi mbadala zinazouzwa kwa ajili ya presha nazo nyingi zimetengenezwa kwa potasiamu, kwa hiyo si za mgonjwa wa figo. La tatu ni birimbi. Achari kidogo pembeni ya wali si sawa na gilasi ya juisi yake. Birimbi ina asidi ya oksaliki kwa wingi, na juisi yake iliyokolea imeshawahi kuharibu figo za watu waliokuwa wazima.

*Dawa za kuzuia damu kuganda.* Kwa anayekunywa warfarini, kosa la kawaida ni kumkataza mboga za majani zote. Anachotakiwa ni kula kiasi kile kile wiki hadi wiki. Mchicha mkubwa leo na wiki mbili bila jani ndio unaovuruga dawa. Mpishi akibadilisha mboga, muuguzi ajue.

Hatua ya 3: Menyu ya wiki nne, ipangwe na mwezi na upepo

Menyu ya wiki moja inayojirudia huchosha, na mzee aliyechoka na chakula hasemi, anaacha tu. Wiki nne zinatosha. Lakini menyu za visiwani nyingi huvunjika kwa sababu zimeandikwa kwa kalenda ya ofisi, na samaki hajui kalenda ya ofisi.

Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikikaribia kujaa, dagaa wabichi wanaadimika na bei inapanda. Pweza hupatikana zaidi bamvua, maji yanapotoka mbali. Kusi likivuma kwa nguvu, vyombo vidogo havitoki kila siku. Kwa hiyo chukua kalenda ya mwezi mwandamo, weka alama siku za mbalamwezi, na siku hizo upange kunde, choroko, mbaazi, mayai na kuku. Siku za giza weka dagaa na samaki. Nilipoanza kufanya hivyo, bajeti yetu ilitulia bila kuongezewa shilingi.

Mboga na matunda nayo fuata msimu. Mchicha, matembele, kisamvu na bamia havikosekani, na papai na ndizi ni za mwaka mzima. Embe, machungwa, mashokishoki na zambarau vije kwa wakati wake, na siku vinapoingia sokoni Mwanakwerekwe wazee waone sahani imebadilika. Kwa asiyetoka nje, hiyo ndiyo kalenda yake.

Siku tatu za mfano, ili uone uzito wake:

Jumatatu: asubuhi uji wa mtama wenye maziwa na yai la kuchemsha, saa 4 papai, mchana wali, mchuzi wa changu wa tui jepesi na mchicha, saa 10 chai na kipande cha mkate wa kumimina, usiku ugali laini na kunde za nazi, kabla ya kulala maziwa ya moto.

Jumanne: asubuhi muhogo wa kuchemsha na chai ya maziwa, saa 4 ndizi mbivu, mchana boko boko la kuku na kachumbari iliyokatwa ndogo sana, saa 10 uji wa choroko, usiku chapati laini iliyochovywa kwenye mchuzi wa maharage, maziwa.

Jumatano, mbalamwezi: asubuhi chila na mayai, saa 4 chungwa, mchana wali wa mbaazi na matembele, saa 10 chai na kiazi kitamu, usiku ndizi mbichi za nazi na nyama iliyosagwa, maziwa.

Kila mlo mkubwa uwe na mbadala ulioandikwa pembeni, wenye lishe inayolingana. Marekani wameliweka hilo ndani ya kanuni za nyumba zao za wazee: menyu iandaliwe kabla, ifuatwe, izingatie dini na mila za wakaazi, na anayekataa chakula apewe kingine chenye lishe sawa. Hatuna haja ya kusubiri mkaguzi ili tufanye hivyo. Samaki akikosekana, yai au kunde ziingie. Mbatata za ziada hazishiki nafasi ya samaki.

Hatua ya 4: Piga hesabu

Mzee anahitaji kadiri ya kalori 30 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, na protini gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo, labda daktari wa figo aseme vinginevyo. Watu hudhani mzee anataka protini kidogo kwa kuwa hafanyi kazi. Ni kinyume chake, misuli yake inayeyuka upesi.

Chukua bibi wa kilo 50. Anataka kalori 1,500 na protini gramu 50 hadi 60. Mnofu wa samaki gramu 100 una protini kama gramu 20, yai moja 6, gilasi ya maziwa 8, nusu kikombe cha kunde zilizopikwa 6 au 7. Jumla 40 na ushei. Wali, uji na mkate wa siku nzima unaweza kumwongezea 10 hadi 15. Amefika, lakini kwa kusugua ukuta. Ondoa samaki siku moja bila kuweka kitu, na hakuna wali utakaoziba pengo hilo.

Sasa sokoni. Wazee 30 kwa gramu 100 za mnofu ni kilo 3. Samaki mzima akitolewa kichwa, matumbo na miba, karibu nusu ya uzito inaondoka, basi nunua kilo 6. Wanunuzi wengi huandika kilo 3 kwa kuwa ndizo zilizo kwenye menyu, na kila mzee anapata kidole kimoja cha samaki.

Kwa waliokonda usiongeze wingi wa sahani, maana mlima wa wali humkatisha tamaa mtu. Ongeza uzito wa kijiko: tui zito badala ya jepesi, kijiko cha samli kwenye uji, unga wa dagaa kwenye mchuzi, karanga zilizosagwa laini kwenye mchicha.

Hatua ya 5: Sufuria moja

Usipike sufuria nne kwa maradhi manne. Mpishi mmoja na msaidizi wake hawatoweza, na siku ya tatu zitarudi kuwa moja kimya kimya. Pika sufuria moja iliyo salama kwa wengi, tofauti zifanyike wakati wa kupakua.

Chumvi: gramu 5 mara wazee 30 ni gramu 150 kwa siku. Toa ile ya mkate na vitu vya dukani, jiko libakiwe na 100. Sisi tulipima gramu 100 kila asubuhi tukazitia kwenye kopo dogo, na kopo likiisha limeisha. Wiki ya kwanza mpishi aliniona mchawi. Ladha tuliirudisha kwa thomu, tangawizi, bizari nzima iliyokaangwa, ndimu mwishoni na ukwaju. Mtu aliyezaliwa kwenye visiwa vya karafuu akisema chakula hakina ladha kwa sababu ya chumvi, hajafungua kabati la viungo. Chumvi yenyewe iwe ya pakiti iliyotiwa madini joto. Ile ya mashambani kwa kawaida haina. Ng'onda na papa mkavu roweka usiku kucha na umwage maji mara mbili, wala visipikwe zaidi ya mara moja kwa wiki.

Nazi: kamua tui zito ulitenge. Chakula cha wote kipikwe kwa tui la pili, na lile zito limiminwe juu ya sahani za waliokonda.

Kupakua ndiko kunakoharibu kazi yote. Nunua vikombe viwili vya kupimia wali, kimoja cha kawaida na kimoja kidogo cha wenye kisukari, vya rangi mbili. Sahani ziwe na utepe wa rangi inayolingana na kadi. Mpakuaji asitegemee kukumbuka, kwa sababu siku akiumwa atakuja mwengine.

Usalama kwa ufupi: chakula cha moto kikae juu ya nyuzi 60, cha baridi chini ya nyuzi 5, na kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili. Mchuzi wa nazi huchacha upesi kuliko mpishi anavyokubali, na wali uliolala nje hautengenezwi na kupashwa moto. Jodari na vibua vilivyokaa juani vikataliwe hata vikiwa vya bure, kwa kuwa sumu inayojijenga humo haiondoki kwa kupikwa.

Hatua ya 6: Ulaini

Neno "chakula laini" lifutwe kwenye kadi, maana kila mtu analielewa kwake. Kuna mizani ya kimataifa ya ulaini, namba 0 hadi 7, na namba tatu zinatosha jikoni. Namba 4 ni kilichosagwa kikawa kama uji mzito usio na chembe: ukikichota kwa kijiko kinakaa, ukikipindua kinaanguka chote bila kunata. Namba 5 ni kilichosagwa chenye unyevu, chembe zake hazizidi milimita 4, yaani zinapita kwenye nafasi ya meno ya uma. Namba 6 ni vipande vya sentimita moja na nusu kwa ukubwa, vinavyopondeka kwa kubonyeza na uma.

Bahati yetu ni kwamba vyakula vyetu vingi viko karibu na hapo tayari. Boko boko lililopigwa vizuri, mbaazi zilizosagwa, ndizi za nazi zilizopondwa, uji. Hatari ziko kwenye vile tunavyovidhania ni vyepesi. Wali mkavu wa punje zilizoachana husambaa kooni. Mkate hugeuka donge. Urojo, wenye majimaji na vipande humo humo, ni mtego: maji yanakwenda mbio, kachori inabaki nyuma, na koo lililochoka haliwezi kushughulika na vyote viwili. Pweza na ngisi wasahau kwa asiyekuwa na meno, labda wasagwe. Samaki wa kusagwa achambuliwe kwa vidole, na watu wawili. Nguru ni rahisi, mwatiko usiupeleke kabisa kwenye meza hii.

Msiusage mlo mzima pamoja ukawa rangi ya udongo. Saga wali peke yake, samaki peke yake, mboga peke yake, uviweke pembe tatu za sahani. Mzee ajue anakula nini.

Mlishaji akae, asisimame. Mzee awe wima, kidevu kimeinama kidogo, kijiko kidogo, ameze kabla ya kijiko cha pili. Akimaliza abaki ameketi dakika 30. Wenye haraka ya kutandika vitanda wanalijua katazo hili na bado wanalivunja.

Hatua ya 7: Saa za kula

Hesabu saa tangu chakula cha usiku mpaka cha asubuhi. Kanuni za Marekani zinasema zisizidi 14, ila zinaweza kufika 16 ikiwa kuna kitu cha maana cha kula kabla ya kulala. Katika jiko nililolikuta, chakula cha usiku kilitoka saa 11 jioni ili wapishi wawahi daladala, na uji ulitoka saa 2 asubuhi. Saa 15 kavu, na wengine wamechoma insulini. Sikuweza kubadilisha zamu za watu, kwa hiyo tuliongeza maziwa na kipande cha mkate saa 3 usiku, akagawa mlezi wa zamu. Sukari za alfajiri zikaacha kututisha.

Maji: mwanamke apate vinywaji kama lita 1.6 kwa siku, mwanamme lita 2, isipokuwa mwenye moyo au figo aliyewekewa kipimo. Mzee hasikii kiu kama kijana, na wengine hujizuia makusudi kwa kuogopa kusumbua watu wa kuwapeleka chooni. Suluhisho la hilo ni choo kilicho karibu na mlezi asiyenuna.

*Ramadhani* inahitaji kikao, wiki mbili kabla ya mwezi kuandama. Orodhesha wazee wote na daktari, halafu mletee imamu orodha ya wasioruhusiwa kufunga, awape habari yeye. Neno la daktari kijana halimtoshi mzee aliyefunga miaka sitini. Aya ya 184 ya Suratul Baqara inamruhusu mgonjwa kula, na asiyeweza tena kufunga analisha masikini. Tuliwasaidia kuitoa fidia hiyo wenyewe, mkononi mwao, na manung'uniko yakapungua. Anayefunga daku lake liwe karibu na alfajiri, lisitolewe saa 5 usiku kwa kuwa mpishi ana usingizi. Futari ianze kwa maji na tende moja au mbili, kisha uji, kisha sahani. Muhogo, ndizi, majimbi na tambi za sukari kwa wakati mmoja ni wanga wa siku mbili. Na wasiofunga, wakiwemo wasiokuwa Waislamu, wapikiwe mchana kama kawaida, chakula cha moto, wale bila ya kujificha.

Hatua ya 8: Kikapu cha mgeni

Miko mingi haivunjwi na jiko. Inavunjwa Ijumaa alasiri na mtoto mwenye mapenzi, aliyekuja na halua, visheti na madafu mawili. Ukimpokonya kikapu mlangoni umemtukana, na safari ya pili ataficha ndani ya kanga.

Tuliweka meza karibu na mlango na mlezi mwenye ulimi mtamu. "Karibu shangazi, umemletea nini baba leo?" Akaangalia, akaandika, akasema: hii halua apate kipande kimoja sasa mbele yako, iliyobaki tutamwekea kwa jina lake, madafu haya baba figo zake haziyataki, safari ijayo mletee papai. Kila familia ilipewa karatasi moja yenye vitu vitatu anavyoweza kuletewa na viwili asivyoweza. Vitatu kwanza, kwa makusudi.

Sadaka za vyakula vilivyopikwa zipokewe siku hiyo hiyo zilizopikwa, zikiwa za moto, na jina la aliyeleta liandikwe. Nyama isiyojulikana asili yake isiingie. Machi 2024 watu 9 walikufa kisiwani Panza, Pemba, wanane wao watoto, baada ya kula nyama ya kasa, na sumu hiyo nayo haiuawi na moto.

Hatua ya 9: Daftari la sahani

Kila mlo, mwosha vyombo aandike kwa kila mzee: yote, nusu, robo, hakuna. Nne tu. Tulijaribu fomu ya kurasa mbili, ikawa inajazwa yote kwa pamoja Alhamisi jioni. Robo mara tatu mfululizo, muuguzi aitwe.

Kila mwezi mizani. Aliyepungua asilimia 5 ndani ya mwezi, au 10 ndani ya miezi sita, ni wa kushughulikiwa mara moja. Kilo 52 zikiwa 49.4, ndiyo asilimia 5 hiyo, na kwa macho hutaiona. Kabla ya kununua unga wa virutubisho wa bei kali, uliza: ana kidonda mdomoni? Haja ngumu? Dawa mpya? Amefiwa? Aliyekuwa akikaa naye mezani amehama? Robo ya waliokuwa wakikonda kwetu, kwa hesabu yangu ya kienyeji, dawa yao ilikuwa kubadilishiwa kiti.

Mzee anapokataa

Atakuja babu mwenye akili zake timamu, ana kisukari, na anataka sukari kwenye chai yake. Mweleze kwa heshima, siku mbili tofauti, na daktari au mwanawe akiwepo. Akishikilia, ni chai yake. Andika, mtie kijiko kimoja, pima sukari yake zaidi, na walezi wasimpigie kelele mbele za watu. Aliyepotewa na kumbukumbu ni mwengine: usibishane naye kwamba ameshakula, mpe nusu ndizi.

Na anayekaribia mwisho wake, daktari akishathibitisha hivyo, muondoe kwenye orodha ya mizani. Funga kadi ya miko, ubakishe ile ya kumeza tu ili asipaliwe. Muulize anataka nini. Mara nyingi ni kitu kidogo: kijiko cha tui lenye hiliki, au maji ya embe ya kulowesha midomo. Mpishi aambiwe aache anachokifanya akitengeneze wakati huo huo.